Siku Moja Katika Darasa la Awali, Bariadi

Kutoka Mwanza tulipita Magu, na tulipofika Lamadi tukaiacha barabara ya Musoma, tukashika ile ya Bariadi. Ulikuwa mwezi wa Mei. Pamba ilikuwa imefunguka, na akina mama walikuwa mashambani na watoto mgongoni. Zamani Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Tangu 2012 ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mji unakua, lakini ukitoka nje yake kidogo tu, lugha utakayoisikia kisimani na mnadani ni Kisukuma.

Asubuhi iliyofuata nilitembelea darasa la awali, ambalo wengi wetu bado tunaliita chekechea, katika shule moja ya msingi nje ya mji. Watoto walikuwa wameketi kwenye mikeka. Ukutani vilining'inia viroba vilivyokatwa na kuandikwa a, e, i, o, u. Kona moja ilikuwa na vizibo vya soda, vijiti na magunzi ya mahindi: hivyo ndivyo vifaa vya kuhesabia. Kona nyingine ilikuwa duka, lenye maboksi matupu ya sabuni na majani ya chai. Watoto waliuziana na kurudishiana chenji ya vizibo. Vyote hivyo vililetwa na wazazi, wala hakuna kilichonunuliwa.

Lakini kilichonigusa zaidi ni habari ya mtoto mmoja wa miaka mitano. Mwalimu alinisimulia kwamba tangu Januari mtoto huyo hakutamka neno darasani. Akiitwa, aliinamisha kichwa. Akiulizwa hesabu, kimya. Wenzake wakaanza kumwita bubu. Mama yake alipoitwa shuleni, alisema kwa uchungu kwamba afadhali amtoe, akae nyumbani kumlea mdogo wake wakati wa kuvuna pamba.

"Mwalimu, huyu kichwa chake hakishiki," alisema.

Mwalimu, ambaye kwao si Usukumani, akamwomba mama aketi naye mkekani. Akamwaga vizibo, akasema, "Mama, hebu mwambie ahesabu kwa Kisukuma." Mtoto akahesabu mpaka vizibo vikaisha, akatazama huku na huku akitafuta vingine. Mama akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kumbe mtoto alikuwa anajua! Alichokosa ni lugha ya kusemea.

Tangu siku hiyo mwalimu huanza asubuhi kwa "Mwangaluka," watoto wote wakaitikia kwa furaha. Kisha hesabu: kwanza ibili, halafu mbili, kwanza idatu, halafu tatu. Maneno hayo ni ndugu, na mtoto hupita kutoka moja hadi jingine kama anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Siku niliyofika, yule "bubu" ndiye aliyekuwa muuza duka. Alinidai vizibo viwili vya sabuni, kwa Kiswahili, na hakukubali kunipunguzia!

Shida hii si ya shule moja. Mwaka 2015 mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, ulianzisha mafunzo ya utayari wa kuanza shule katika mikoa kadhaa, Simiyu ikiwemo. Watu wa kijijini wenyewe waliwafundisha watoto kwa hadithi na michezo, ili waingie darasa la kwanza wakiwa wamekizoea Kiswahili. Tangu 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, darasa la awali likiwemo. Mlango uko wazi, lakini mtoto anahitaji kushikwa mkono ili aingie.

Mama mwenzangu, mkono huo ni wako. Msimulie mwanao hadithi kwa lugha unayoijua vizuri. Unapokata viazi vya michembe, mwache ahesabu vipande. Akirudi shuleni, muulize amecheza nini leo. Msimu wa pamba ukifika, usimwondoe darasani. Vizibo vya soda vinavyomchezesha ndiyo mwanzo wa kusoma kwake. Na akinyamaza, usiharakishe kumwita mjinga.

Siku ya Pentekoste Mungu hakungoja watu wajifunze kwanza lugha ya mitume. Kila mmoja alisikia kwa lugha ya kwao. Ikiwa Bwana aliwaendea watu wazima hivyo, je, sisi tutashindwa kumwendea mtoto wa miaka mitano?