Sauti Ilikatika, Mizani Ikabaki

Wasanii wenzangu wameniomba mara nyingi nieleze nilivyopoteza sauti na nilivyoendelea na sanaa, nami kwa muda mrefu nilisita, maana jambo lenyewe lilikuwa bado linauma. Leo nalisema, kwa kuwa najua yupo msanii aliyejifungia ndani kwake akidhani kazi yake imekwisha.

Mimi ni mtoto wa Unguja. Nilizaliwa kusini, nikaolewa mjini, Ng'ambo. Bibi alinifundisha kusuka ukili kabla sijaanza skuli: kuchana ukindu, kuuchemsha kwenye rangi, kuuanika, kisha kuusuka ukawa ukili mrefu ambao mwishowe hushonwa ubavu kwa ubavu ukapatikana mkeka. Shangazi alinifundisha kuchora hina na piko. Kuimba hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa mwitikiaji kwenye harusi za mtaani, hadi usiku mmoja mwimbaji alipochelewa nikasukumwa mbele. Tangu hapo nikawa mwimbaji wa kidumbak.

Kidumbak ni ndugu mdogo wa taarabu. Hakuna ganuni wala udi. Kuna fidla, ngoma ndogo mbili ziitwazo vidumbak, cherewa za vifuu vya nazi, vijiti vya mkwasa, na sanduku la chai lililopinduliwa likafungwa fimbo na uzi mmoja, ndilo linalotoa ile sauti nzito ya chini. Nyimbo huunganishwa moja kwa nyingine bila kituo, mwendo ukizidi kukazwa na wanawake wakizidi kucheza. Mwimbaji asiye na pumzi haumalizi usiku.

Nami pumzi ndiyo iliyoanza kunitoka. Rovu lilikuwa likikua taratibu shingoni, chini ya mtandio, mpaka likabana njia ya hewa nikawa siwezi kulala chali. Madaktari wakasema lazima liondolewe. Walinieleza wazi kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti hupita nyuma kabisa ya tezi iliyovimba, na kwamba kuuondoa uvimbe bila kuugusa mshipa huo si jambo la kuahidiana. Nikakubali. Nilitaka kuwalea wanangu.

Nilipozinduka baada ya upasuaji nilipumua vizuri kuliko nilivyopumua kwa miaka mingi. Lakini nilipofungua kinywa kumwita mwanangu, ulitoka upepo mtupu. Miezi ikapita. Mazoezi niliyopewa niliyafanya yote, na sauti iliyorudi ilikuwa ya kukwaruza, ya chini, isiyovuka ukumbi. Nikijaribu kupanda, inakatika.

Mialiko ya harusi ilikoma, na pamoja nayo fedha za kutuzwa nilizokuwa nikilipia mahitaji ya watoto. Wapo waliosema nimerogwa. Wapo walioacha kuja, kwa kutojua wazungumze nini na mtu asiyeweza kuwajibu. Kilichoniumiza kuliko vyote ni kusikia ngoma mtaa wa pili usiku, nikautambua kila wimbo, mwili mzima ukaitika na koo likanyamaza. Nilikuwa nikifunga dirisha nalia.

Aliyenitoa humo ni mama mdogo. Alikuja kutoka shamba na mzigo wa ukindu uliokwisha kutiwa rangi, mwekundu na mweusi, pamoja na ule mweupe wa asili. Akautua mbele yangu. "Mwanangu, nimeagizwa mikeka na macho yangu hayaoni tena vizuri. Nisaidie." Koo langu hakulitaja hata kidogo. Nikakaa nikasuka, kwa kumtii tu.

Siku moja, mikono ikiwa kazini, shairi la zamani likawa linanipitia kichwani, nikaona vidole vinakwenda nalo. Ushairi wetu una hesabu yake: mizani nane, kituo, nane tena, kina cha kati, kisha kina cha mwisho. Nikaijaribu hesabu hiyo kwa makusudi. Kila chane inayovuka niliihesabu mizani moja. Saba nyeupe, ya nane nyekundu, hapo ndipo kina cha kati. Saba nyeupe tena, ya nane nyeusi, na hicho ni kina cha mwisho. Ukili ulipotosha nikaunyoosha sakafuni, nikagonga kijiko kwenye kikombe kwa kuzifuata rangi. Ukatoka mdundo wa mkwasa.

Hapo nikaelewa wimbo wangu ulianzia wapi. Hesabu ile niliipata kwa bibi, kwenye ukili, kabla sijajua kuimba. Koo lilikuja baadaye, likaikuta tayari vidoleni. Na kwa kuwa vidole vilikuwa vizima, kazi yangu nayo ilikuwa nzima.

Tangu hapo natunga hivi. Maneno huanzia kwenye hina. Bibi harusi hukaa kwa saa nyingi mikono imetandazwa, asiweze kushika kitu, na mtu wa namna hiyo huzungumza. Waliomzunguka nao huzungumza: mume aliyekwenda Oman akapunguza salamu, wifi asiyeridhika, kodi ya nyumba iliyopanda. Siri ya mtu haitoki pale. Ninachoondoka nacho ni fumbo lililomponyoka mmoja wao bila kukusudia, kwa sababu taarabu huishi kwa mafumbo. Nikifika nyumbani nashika ukindu, na fumbo lile nalitafutia mizani nikiwa nasuka. Neno likizidi silabi moja, rangi hukosa mahali pake, na jicho huligundua kosa kabla ya sikio. Mistari mitatu ni kili tatu; nikizishona pamoja, ubeti umetimia. Vina vikianguka sawasawa, nyekundu hushuka mkeka mzima kwa mstari ulionyooka. Vikilegalega, mkeka nao hupinda, nami hufumua nikaanza tena.

Mkeka huo nautandika mbele ya wasichana wa kikundi chetu cha kidumbak. Wa mkwasa hufuata nyekundu, wa sanduku huingoja nyeusi, na binti wa jirani huimba. Mwanzoni ilikuwa tabu kuyasikia maneno yangu kwenye koo la mwingine. Siku hizi nikitunga humsikia yeye, namfahamu anapopenda kupumzika na anapoweza kupanda, na shairi nalikata kwa kipimo cha pumzi yake.

Waliotangulia nao walinishika mkono. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Wimbo wake wa Kijiti ulikibeba kisa cha mauaji kilichowashtua watu wa mjini, nami ndimo nilimojifunza kwamba mazungumzo ya mtaani yanastahili kutungiwa. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba taarabu, akapiga ngoma za unyago, akachora hina na kuwatibu watu kwa mitishamba. Zote zilikuwa kazi zake, na hakuna aliyemtaka achague moja. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX akiwa bibi kizee, na sauti yake ilikuwa ya mkwaruzo. Tena hapa kwetu tulikuwa na Makame Faki wa kikundi cha Culture Musical Club, ambaye watu walimwita Sauti ya Zege, wakampenda kwa ukavu huohuo wa sauti.

Nilipowafikiria hao wawili wa mwisho nilijiuliza kwa nini naificha sauti yangu. Sasa kabla binti hajaanza, ubeti wa kwanza naughani mimi mwenyewe, kwa sauti hiihii iliyobaki, huku nimeshika cherewa. Ukumbi hunyamaza ili unisikie. Zamani nilikuwa nashindana na kelele zake.

Kwa anayeugua ninamwomba: ukiona uvimbe shingoni, nenda hospitali uvimbe ukiwa bado mdogo, usingoje ukunyime usingizi. Kwa mzazi mwenye mtoto anayependa kuimba au kuchora, mfundishe pia kazi ya mkono. Humo atajifunza kuhesabu na kusubiri, na mambo hayo mawili ndiyo msingi wa kila sanaa niliyowahi kuifanya. Na kwako msanii uliyejifungia ndani: kumbuka kitu ulichofundishwa na wazee wako kabla hujajulikana na mtu yeyote, kisha kishike leo, hata kama moyo haujatulia. Mimi nilianza kusuka nikiwa bado nalia, na nafuu ikanikuta kazini.