Tope la Jikoni

Mtoto wa miaka miwili anahitaji tope. Kliniki hawakuambii hilo wakimpima uzito, lakini ukikaa naye siku nzima utalijua tu. Anataka kitu cha kufinya, cha kuvuta, cha kumwaga. Watoto wengi hukipata bure nje ya mlango. Mpwa wangu hakipati, manake sisi twakaa Kibarani.

Kama umewahi kuingia kisiwani Mombasa ukitokea Changamwe, umepita kwetu, na kama ni zamani, ulifunga dirisha la matatu. Kwa miaka mingi taka za mji zilimwagwa hapa, kando ya maji ya Makupa. Siku hizi jaa limefungwa, taka zinapelekwa Mwakirunge, na palipokuwa na moshi pamepandwa miti. Pamependeza, sikatai. Lakini mamangu aliyaona malori yakimwaga betri, vioo na sindano, na kwake yeye miti ni miti, ardhi ni ileile. Mjukuu wake akiinama tu kuchota mchanga, sauti inatoka ndani: "We! Wacha hiyo!"

Si woga wa bure. Owino Uhuru, upande wa Mikindani, si mbali na kwetu. Huko kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilieneza madini ya risasi hadi kwenye damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Vumbi la risasi halina harufu ya kukushtua. Mtoto analishika, anatia kidole mdomoni, basi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Ndiyo maana nikaanza kupika tope.

Mchana niko nyumbani na mtoto, dada yangu yuko kazini. Mimi naandikia watu makala mtandaoni, nalipwa kwa idadi ya maneno. Kabla karo haijatushinda nilisoma kemia chuoni mwaka mmoja na nusu, na hapo ndipo ilinifaa. Ile slaimu ya kwenye video ni gundi nyeupe na boraksi. Gundi ni minyororo mirefu ya molekuli inayotelezana. Boraksi inaifunga mmoja kwa mwingine, na uji unageuka mpira. Inapendeza kuitazama. Lakini Muungano wa Ulaya umeiweka boraksi kwenye orodha ya kemikali zinazoweza kudhuru uzazi, na mpwa wangu anaonja kila kitu, hata rimoti.

Bora halwa. Mtu wa Mombasa haelezwi halwa: ni wanga uliopikwa mpaka ukavutika. Basi fanya hivyohivyo, bila samli wala sukari. Koroga robo kikombe cha konfulawa kwenye kikombe kimoja cha maji baridi. Weka moto mdogo, usiache mwiko, mpaka weupe upotee na uji uwe mzito, unang'aa. Tia rangi ya biriani kidogo, na umvishe fulana ambayo huionei uchungu. Iache ipoe kabisa, manake ndani inakaa na moto kuliko inavyoonekana. Akionja, haina neno. Kesho yake itupe. Joto letu haliihurumii.

Akikua kidogo, mpe donge la unga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vya mafuta, na maji ya moto kidogokidogo, ukande kama wa chapati. Play-Doh yenyewe ilianza Marekani kama donge la kufutia masizi kwenye karatasi za ukutani, ikageuzwa kitu cha kuchezea mwaka 1956. Ila hili si la kula. Chumvi nyingi hivyo ikimezwa inamdhuru mtoto, na unga mbichi una vijidudu vyake. Kaa naye, simu iweke mbali.

Siku moja jirani yetu, mama anayeuza chapati, aliingia akakuta donge la rangi ya machungwa sakafuni.

"Mwanangu, huo si unga?"

"Ni unga, mama."

"Riziki mwaichezea, na watu wanalala njaa mlango wa pili?"

Ni kweli. Kuna nyumba hapa ambazo pakiti ya unga ni hesabu ya wiki nzima. Nikamuuliza yeye alichezea nini utotoni.

"Udongo. Tulipika maandazi ya udongo tukauziana, pesa zetu majani." Akamtazama mtoto, kisha akatazama mlango. Hakusema zaidi. Kesho yake alileta kikopo cha unga wa kusukumia uliobaki kibaoni. "Huu siwezi kuupika tena. Mpe huyo."

Marafiki zangu wakiona picha wananisifia ubunifu. Mimi sioni ubunifu hapo. Naona nyumba inayotoa unga wake kulipia udongo ulioharibiwa na mji mzima. Miti tumeiona, asante. Sasa aje mtu aupime udongo ulio chini yake, na wa milangoni mwetu pia, kisha atuambie majibu kwa Kiswahili cha kawaida: hapa mtoto aweza kuinama, pale hapana. Mpaka hapo, konfulawa iko kwenye orodha yetu ya dukani, chini ya sukari.