Jani la Kakamega Lenye Siri ya Kafuri

Siku ukifika Kisumu, msomaji mpenzi, usiishie ziwani kula samaki. Panda matatu ya Kakamega, ushukie Khayega kabla ya kuufikia mji wenyewe, kisha ushike njia ya Shinyalu hadi Isecheno. Hapo utajikuta mlangoni mwa msitu wa mvua, ndugu wa misitu ya Kongo, ambao umebaki peke yake upande huu wa mashariki. Mbega watakutazama kutoka juu kana kwamba wewe ndiwe kioja.

Lakini leo sikuiti kutazama miti mikubwa. Ingia katika mashamba yanayopakana na msitu, uchume jani moja la mmea ambao wenyeji huuita mwonyi, nao wataalamu Ocimum kilimandscharicum. Ni jamaa ya mrehani. Lifikiche kiganjani, kisha unuse. Bila shaka utaikumbuka ile dawa uliyopakwa kifuani utotoni ulipobanwa na mafua!

Wazee wa huku waliijua harufu hiyo zamani. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kikisaidiana na wanasayansi wa kituo cha icipe cha Nairobi, kilianza kuupanda mmea huu mashambani badala ya kuuchuma porini, na kutokana na mafuta yake ikatengenezwa dawa ya kupaka iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hesabu yenyewe ni rahisi: jani likimlipia mkulima karo, hana haja ya kuingia msituni na shoka.

Mafuta hupatikana kwa kukeneka. Majani hujazwa katika pipa, mvuke ukapitishwa humo, nao ukabeba harufu hadi kwenye bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke hugeuka maji, na mafuta huelea juu.

Je, ndani ya mafuta hayo mna nini? Pua haitoshi kujibu. Katika maabara, tone dogo mno huingizwa kwa sindano katika bomba jembamba kama uzi, lenye urefu wa mita 30 hivi, lililozungushwa ndani ya joko. Joto likipanda, kila kiungo husafiri kwa mwendo wake, mfano wa abiria wanaoshuka kila mmoja katika kituo chake. Limonini, ile ya maganda ya machungwa, hutangulia. Kafuri huja baadaye. Mwishoni mashine nyingine huzivunja molekuli na kupima uzito wa vipande, navyo hulinganishwa na kumbukumbu zilizohifadhiwa. Kafuri ina uzito wa 152.

Mwonyi wa Kakamega una kafuri kwa wingi sana. Hata hivyo, udongo, majira na mbegu huweza kubadilisha kiasi hicho, na mrehani wa kawaida ukichanganywa humo, mchoro wa mashine hutoboa siri. Mnunuzi akiukataa mzigo, jasho la msimu mzima limepotea.

Nawe mzazi, kumbuka kwamba kafuri ni sumu ikimezwa. Iweke mbali na watoto, na usimpake mtoto mchanga.

Ukienda, nenda asubuhi. Mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri.