Kuota Moto, Kuota Ndoto

Januari ya mwaka juzi mdogo wangu, anayeishi Umeå, kaskazini mwa Uswidi, aliniletea picha ya jiko lake pamoja na swali. Nje, aliandika, ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri; ndani wanawe walikuwa wakicheza sakafuni wamevaa fulana. "Kaka, wewe ndiye mtu wa maneno," alisema. "Jiko hili tuliiteje kwa Kiswahili?"

Jiko lenyewe ni sanduku jeusi la chuma lenye kioo mbele. Halili magogo wala mkaa. Hula vipande vidogo vya vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa nguvu nyingi, vyenye unene wa milimita 6 au 8, ambavyo ukivitia kiganjani utadhani ni chakula cha kuku cha kiwandani. Humiminwa katika pipa dogo lililo juu ya jiko. Parafujo inayozungushwa kwa umeme huvisogeza kidogo kidogo hadi motoni. Feni hupuliza joto chumbani. Na moshi hupanda dohani ukatoka nje. Umeme ukikatika, jiko nalo huzimika. Nilipolisoma hilo nilicheka, maana nilikuwa nimekaa gizani.

Nilimjibu alite "jiko la punje", naye akaridhika. Kilichotushinda sote wawili ni kitenzi. Alitaka kusema jiko lile linafanya nini. Aliandika kwamba linapasha moto nyumba, kisha akajifuta mwenyewe: "Nyumba si kiporo, kaka." Alikuwa na haki. Kwa Kiswahili tulichokulia, chakula cha jana hupashwa moto, na mwanamichezo hupasha misuli moto kabla ya mchezo. Nyumba haipashwi. Mwenye baridi huota moto. Moto hukaa mahali pake, naye mtu huufuata, akaunyoshea viganja, akazungumza na wenzake, kisha akaondoka. Sikujua siku ile kwamba ndani ya kitenzi hicho kuna onyo, na kwamba kabla ya mwaka kwisha ningelilipia kutolisikia.

Asiyetufahamu atashangaa kusikia habari za baridi kutoka Singida. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Shuleni tulikaririshwa masika na vuli, lakini hizo ni mvua za wenzetu. Sisi tuna mvua moja, inayoanza mwishoni mwa mwaka na kukoma kabla ya Mei, kisha ukavu. Neno la misimu lililotukaa vizuri kuliko yote ni kipupwe. Juni hadi Agosti upepo hutoka mashariki, ukapita baina ya majabali, ukakwangua maji ya Singidani na Kindai, kisha ukaingia katika kila ufa. Baridi yetu haigandishi maji. Lakini mzee aliyelala chini ya bati, asiye na blanketi la pili, huijua kwa mifupa yake.

Wazee wetu waliishi katika tembe: kuta nene za udongo, paa bapa la miti lililofunikwa udongo, mlango mmoja mfupi. Moto ulikuwa humo ndani, na mifugo nayo haikuwa mbali. Sitaki kuyapamba maisha yale. Moshi uliwatoa machozi, ukawakohoza, ukaziharibu pumzi za akina mama waliopika juu yake miaka na miaka. Lakini moshi ule ulikuwa pia mlinzi mwenye makelele. Ulipozidi, hukuweza kuuvumilia; ulifungua mlango au ukatoka. Nami nimetembelea tembe za kutosha kujua kwamba hazikosi tundu la kupitisha upepo.

Mama yangu aliihama nyumba ya namna hiyo. Kwa fedha za alizeti zake na mchango wetu sisi wanawe, tulimjengea nyumba ya tofali yenye dari, sakafu laini na madirisha ya vioo. Mimi ndiye niliyesimamia mafundi, na niliwasisitizia jambo moja: upepo usipate pa kupita. Walinisikiliza vizuri mno.

Julai ile nilikwenda kumsalimu nikiwa na binti yangu wa miaka tisa na mpwa wangu wa miaka kumi na moja. Jioni tuliota moto uani, wa mabua ya alizeti, moto mwepesi unaoruka juu kwa fahari kisha ukaisha kabla hadithi haijaisha. Upepo ukatufukuza. Mama alikuwa akitetemeka. Watoto walitaka kulala chumbani kwa bibi yao, naye akafurahi. Nikachukua jiko la mkaa lililokuwa limepikiwa ugali, nikaongeza mkaa, nikalipepea uani hadi makaa yote yakawa mekundu na moshi ukakatika, kisha nikaliingiza chumbani. Mama aliniombea dua. Kwa kuwa upepo ulikuwa ukipenya chini ya mlango, nilikunja kitambaa nikaziba pale. Nakumbuka nilivyojiona mtoto mwema.

Yapata saa nane usiku nilisikia kishindo. Mpwa wangu alikuwa ameamka akitaka kwenda haja, miguu ikamkataa, akaanguka mlangoni. Nilipofungua, chumba kilinipokea kwa joto la kupendeza. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na harufu, na makaa yalikuwa yakiwaka kwa utulivu chini ya majivu meupe. Mama alinong'ona kwamba kichwa chamuuma na hana nguvu za kuinuka. Binti yangu sikuweza kumwamsha. Nilimwita kwa jina, nikampigapiga mashavu, nikamwita tena.

Tuliwatoa barazani mmoja mmoja, mimi na jirani aliyesikia kelele zangu. Upepo ule ule niliouzibia njia ndio uliowapa pumzi. Jirani akaleta gari. Hospitalini muuguzi hakutuuliza maswali mengi. Alituangalia, akauliza, "Mlilala na jiko?" kisha akaenda kutafuta oksijeni. Alfajiri binti yangu alifumbua macho akalalamika kwamba kichwa kinamgonga. Sijapata kusikia lalamiko tamu kama lile.

Mama, alipopata nafuu, alirudia sentensi moja kutwa nzima: "Lakini, mwanangu, hapakuwa na moshi."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Mama alikuwa akitumia elimu yake yote ya moto, nayo ni elimu kubwa. Methali zetu zinafundisha kwamba penye moshi pana moto. Kutokana na hapo tumejifunza, bila kusema, kwamba pasipo moshi pana usalama. Mkaa unaibatilisha hesabu hiyo. Mkaa ni kuni zilizokwisha kutolewa moshi wake tanurini, hubaki kaboni. Inapoungua mahali ambapo hewa haitoshi, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho. Hiyo hujishikiza kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, kisha husinzia. Aliyekwisha kulala haoni hata dalili hizo. Usingizi wake hugeuka tu kuwa mrefu. Tena kulipepea jiko nje hadi liwe jekundu, kama nilivyofanya, huondoa moshi bila kuiondoa gesi. Nilimwondoa mlinzi, nikamwacha adui.

Nikarudi kwenye kitenzi chetu. Kamusi zetu huandika ota zaidi ya moja. Ipo ota ya mbegu, ambayo leo naiacha shambani. Ipo ota ya moto na jua, na ipo ota ya usingizini. Masikioni mwetu ni neno moja, na washairi tumeufaidi sana ufanano huo. Lakini kwa asili si neno moja. Mnyarwanda husema kota anapojipatia joto motoni, na kurota anapoota ndoto. Kiswahili kimeidondosha sauti hiyo ya l au r katika maneno mengi ambamo ndugu zake wameihifadhi: sisi twasema njia, Mkikuyu husema njira, Mnyarwanda inzira. Hivyo vitenzi viwili vilivyokuwa vikitembea mbalimbali vikakutana njiani vikafanana sura. Hata hivyo, ushahidi haukufutika wote. Sauti hiyo inapotanguliwa na n huwa nd, kama ulimi unapokuwa ndimi, au refu inapokuwa ndefu. Ndiyo maana aotaye usingizini hupata ndoto. Ile d ni kaa lililobaki chini ya majivu, linalotuambia kwamba hapa palikuwa na sauti. Aotaye moto hana ndoto ya kuionyesha.

Nimelitafakari jambo hili mara nyingi tangu usiku ule. Kuota moto ni kazi ya mtu aliye macho. Kuota ndoto ni kazi ya aliyelala. Lugha ilizifananisha sauti zake. Mimi nikafanya kosa kubwa zaidi, nikaviweka vitendo vyenyewe katika chumba kimoja, saa moja, mlango ukiwa umezibwa. Nilitaka kuipasha moto nyumba, jambo ambalo lugha yangu ilikuwa imekwisha kunionyesha kuwa halina mazoea nalo. Mdogo wangu anaweza kulala na moto wake kwa sababu moto ule una dohani, na juu ya dari kuna kengele inayolia gesi hiyo ikionekana. Hayo mawili alikuwa ameniandikia tangu Januari. Nilizishika punje kwa kuwa zilihitaji jina, dohani nikaipita kwa kuwa jina tayari inalo.

Kuna upungufu mwingine ambao nawaletea wapenzi wenzangu wa lugha. Gesi hii haina jina la nyumbani. Kaboni monoksaidi ni jina la maabara. Bibi hawezi kumkemea nalo mjukuu. Hewa ukaa tumekwisha kuitumia kwa gesi nyingine, ile ya mabadiliko ya tabianchi. Wengine husema moshi wa jiko, na hilo ndilo jina la hatari kuliko yote, kwa kuwa linamfanya mtu asubiri kuona moshi. Tunayo majina ya pepo za kila upande, ya mawimbi, ya nyota za kulimia. Huyu anayeingia vyumbani mwetu kila kipupwe tumemwacha bila jina, na asiye na jina haitwi wala hafukuzwi.

Kwetu jina limepatikana, nami si mtungaji wake. Siku tuliyorudi kutoka hospitalini mama alisimama mlangoni mwa chumba chake, akakitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe alikuwapo mgeni asiyebisha hodi." Watoto wakalidaka hapo hapo. Sasa ndivyo anavyoitwa. Nami nikamwongezea mama ubeti mmoja, si kwa kuwa ulihitajika, bali kwa kuwa watoto hukumbuka kinachoimbika:

Kipupwe kilipofika, jiko tukaleta ndani,
Mlango ukafungika, baridi hatuioni,
Moshi haukuzunguka, tukadhani ni amani,
Mgeni hakutamka, hodi yake mlangoni.

Naandika haya mwezi Juni, kipupwe kikianza tena. Kile kitambaa mama amekifanya cha kushikia sufuria. Fundi ametoboa matundu juu ya madirisha yote, nami nimenunua blanketi mbili nzito ambazo ilinipasa kuzinunua kabla ya kuwaza habari za mkaa. Jioni jiko huwekwa barazani nasi hulizunguka. Hadithi zikiisha, binti yangu husimama na kuuliza kwa sauti ya mkubwa, "Mgeni yuko wapi?" Mpwa wangu hujibu, "Amebaki nje!" Ndipo bibi yao huruhusu mlango ufungwe.

Mdogo wangu amenitumia tena swali lake la kitenzi. Nimemwambia aandike kwamba kwake wanaota moto wa punje. Nyumba nayo itajipatia joto lake humo humo.