Somo la Pili

Majuma matatu yaliyopita mwanangu wa kwanza alipanda kutoka mjini Arusha hadi hapa kwangu Akheri, akiwa na uso wa mtu aliyebeba shauri. Tuliamkiana, akakaa, akanywa chai yake yote kabla ya kutamka neno, nami nikatambua kwamba shauri lenyewe si dogo.

"Baba," akasema, "naomba unisaidie kuzungumza na mjukuu wako. Wewe atakusikia."

Binti yake yuko chuo kikuu, mwaka wa kwanza, na somo lake kuu ni uchumi. Ametakiwa sasa achague somo la pili. Baba yake alimtaka achukue uhasibu. Yeye amechagua sayansi ya siasa.

"Siasa nayo ni jambo la kusomea?" mwanangu akauliza. "Si inapatikana bure?"

Nilicheka, naye akaudhika. Hakujua kwamba maneno hayo, karibu neno kwa neno, niliambiwa mimi na babu yake mwaka 1978, katika ua huu huu.

Miaka ile sisi wavulana hatukutoka kidato cha sita tukaingia chuo kikuu moja kwa moja. Kwa mujibu wa Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana alitakiwa kwanza apitie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda wa miaka miwili, kisha apate maoni ya wakubwa wake wa kazi na ya Chama. Mimi nilikuwa karani katika ghala la kahawa, nikipima magunia na kuandika uzito wake daftarini. Hivyo nilipofika Mlimani, Dar es Salaam, nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Somo langu kuu lilikuwa Jiografia. La pili nikachagua Sayansi ya Siasa, na sitamdanganya msomaji: sababu kubwa ni kwamba mwenzangu wa chumbani alikuwa akilisoma, na vitabu tungeweza kuazimana.

"Jiografia naielewa," marehemu baba aliniambia. "Utajua mvua na udongo. Lakini siasa! Balozi wetu wa nyumba kumi anatupa siasa kila mkutano, wala hatudai ada."

Nilikwenda zangu. Mlimani pa siku zile palikuwa mahali pa mabishano. Walter Rodney alikuwa ameondoka tangu mwaka 1974, walakini jina lake lilitajwa vyumbani kana kwamba jana tu alikuwa akila nasi bwaloni. Wenye somo kuu la siasa walitutazama sisi wa somo la pili kama wageni waliokuja arusini bila kualikwa. Tulikaa viti vya nyuma, tukanukuu, tukanyamaza.

Mwaka wa pili tulitakiwa kuandika insha juu ya nchi za udhamini. Nikachagua kesi ya ardhi ya Wameru, kwa kuwa ni mambo ya kwetu, nikidhani kazi itakuwa nyepesi. Kitabu kilikuwapo, kilichoandikwa na Kirilo Japhet pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, kikachapwa Nairobi mwaka 1967. Nikasoma jinsi tume ya Jaji Mark Wilson ilivyopendekeza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili, kwamba ardhi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro igawanywe upya, ili walowezi wa Kizungu wapate eneo lisilokatizwa la kufugia ng'ombe. Nikasoma jinsi serikali ya Gavana Twining ilivyotekeleza jambo hilo kuanzia Novemba 1951, ikawahamisha kwa nguvu watu wapata 3,000 kutoka Ngare Nanyuki na Leguruki, nyumba zao zikateketezwa kwa moto, wakaambiwa waende Kingori, nao wengi wakakataa. Jiografia ilikuwa imekwisha nifundisha kwa nini upande ule wa mlima ni mkavu, maana mvua hutoka kusini-mashariki ikatumwagia sisi wa huku kwanza. Haikunifundisha ni nani aliyeamua nani akae wapi. Hilo nililipata katika viti vya nyuma.

Niliandika kurasa kumi na mbili, nikajiona bingwa. Mwalimu alinirudishia akiwa ameandika kwa wino mwekundu mstari mmoja: "Na waliohamishwa, wao wanasemaje?"

Likizo ilipofika mwaka 1980 nikamwuliza baba. Nilijua kwamba zamani aliishi Ngare Nanyuki, kama vile mtoto ajuavyo kwamba babaye aliwahi kuwa kijana. Zaidi ya hapo sikujua lolote. Baba alitazama migomba kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwulize mama yako kama anaruhusu."

Mama alikuwa akimenya ndizi mlangoni mwa jiko. Hakuinua uso. "Mwambie," akasema. "Ila jina asiliandike."

Ndipo nilipojua kwamba mimi si mzaliwa wa kwanza. Walikuwa na mtoto wa kike, mchanga wa miezi minne, siku askari walipokuja. Walipata kutoa vyungu, ngozi za kulalia na debe moja la mahindi, vingine viliungua. Walilala nje siku kadhaa katika mvua, wakazunguka mlima kwa miguu hadi kwa ndugu zao huku, na mtoto akashikwa na kifua. Hakufika Krismasi. Baba alikuwa amesaliwa na mtamba mmoja. Wameru walipochanga fedha za kumpeleka Kirilo Japhet ng'ambo, alimwuza mtamba yule, fedha yote akaitia katika mchango. Mama alikuwa bado na maziwa kifuani, hana mtoto wa kumnyonyesha, na sasa hana hata ng'ombe. Hakusema na baba kwa muda wa siku nne.

"Na baada ya yote hayo," baba akamaliza, "tukashindwa. Nimekuwa nikijiuliza kama fedha yetu ilipungua, au kama Kirilo hakusema vizuri."

Miaka ishirini na minane mzee alikuwa amelibeba swali hilo! Nami jibu nilikuwa nalo begani, katika mfuko wa daftari. Nikamweleza. Nilimwambia kwamba Tanganyika haikuwa koloni kamili bali nchi ya udhamini, na kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliwapa watu wa nchi kama hizo haki ya kupeleka malalamiko yao. Ndiyo maana Kirilo alisikilizwa New York mwaka 1952, mbele ya Baraza la Udhamini ambalo nusu yake walikuwa hao hao watawala. Baraza hilo lilisikitika kwa maneno ya upole tu. Shauri likapelekwa katika Baraza Kuu, na huko kura za kuwatetea Wameru zilikuwa nyingi kuliko za kuwapinga. Lakini sheria inasema kwamba mambo ya udhamini hayapiti kwa wingi tu. Yahitaji theluthi mbili. Theluthi mbili haikupatikana.

Baba alinitaka nirudie. Nikachora mavumbini kwa kijiti, mafungu matatu.

"Kwa hiyo walio wengi walitukubali," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akageuka kuelekea jikoni, akamwita mama kwa jina la yule mtoto, mama fulani, jina ambalo sikuwa nimelisikia likitamkwa nyumbani mwetu hata mara moja. "Umesikia?" akamwuliza. Mama akajibu kwamba amesikia. Akaendelea kumenya ndizi.

Insha niliiandika upya, bila jina. Alama hazikuwa za kujivunia.

Haya yote nilimsimulia mwanangu barazani, yeye ambaye maisha yake yote ameishi katika mji lilikotangazwa Azimio la Arusha mwaka 1967, uliokuwa makao ya mahakama ya mauaji ya Rwanda hadi mwaka 2015, na ambamo hata leo bendera za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinapepea, naye huzipita kila asubuhi akienda kazini. Hakuwa amepata kusikia habari za shangazi yake. Kosa ni langu. Nilifuata desturi ya nyumba yetu ya kunyamaza, nikaiita heshima.

Alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Aliitwa nani?"

Nikamwambia. Hapa gazetini silitaji, kwa kuwa mama aliniomba.

Leo Wameru wanaishi tena Ngare Nanyuki, na nyanya za huko zinajaza magari yaendayo sokoni. Mjukuu wangu anakuja mwisho wa mwezi. Baba yake amesema tutakwenda huko sote watatu kwa gari lake, na kwamba tutoke mapema, kabla jua halijawa kali. Kuhusu uhasibu hakusema tena, wala mimi sikumwuliza.