Anwani Zilizochapwa Kwenye Santuri

Lebo ya Motown ya miaka ya sitini ina ramani. Ni ramani ndogo ya barabara na miji ya kaskazini mwa Marekani, na Detroit imewekewa nyota ili asiyeujua mji huo aujue. Kampuni ndogo za muziki za mji huo huo, ambazo hazikuwa na fedha za kuchora ramani, nyingine zilichapa anwani tu: namba ya jengo, jina la barabara, Detroit, Michigan. Kwa hiyo mimi humwambia kila mpenzi wa soul anayekusanya santuri za zamani kwamba asipofika Detroit, anakaa na rundo la barua ambazo hajazijibu.

Mji wenyewe haumpokei mgeni kwa mbwembwe. Mwaka 1950 ulikuwa na watu wapatao 1,850,000, na sensa ya 2020 iliwakuta 639,111. Tofauti hiyo unaiona ukiwa barabarani. Barabara ya Woodward ni pana kuliko magari yanayopita, na ukiingia mitaa ya ndani unakuta nyumba moja nzuri ya matofali, kisha kiwanja kitupu chenye majani yafikayo magotini, kisha kiwanja ambacho jirani amekilima na kupanda mboga ile ile tunayoiita sukuma wiki. Wageni wengi walizoea kuja hapa kupiga picha magofu. Stesheni ya Michigan Central, iliyofungwa mwaka 1988, ilipigwa picha nyingi mno, ikawa kama cheti cha kifo cha mji. Kampuni ya Ford iliinunua mwaka 2018 na ikafunguliwa tena Juni 2024, sasa inang'aa na haina mvuto wowote kwa wapenda magofu. Sina huruma nao. Mji unaoishi una mengi ya kuangalia.

Mahali pa kuanzia ni namba 2648 West Grand Boulevard, nyumba ya kawaida ya familia yenye maandishi ya Hitsville U.S.A. mbele yake. Berry Gordy, aliyewahi kufungua duka la santuri za jazi likafa, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha magari cha Lincoln-Mercury, alikopa dola 800 kutoka mfuko wa akiba wa familia yao mwaka 1959 na kuanzisha kampuni yake, iliyokuja kuwa Motown. Mwaka huo huo alinunua nyumba hiyo, ambayo ilikuwa studio ya mpiga picha. Dada yake, Esther Gordy Edwards, ndiye aliyeigeuza kuwa makumbusho mwaka 1985, na bila yeye pengine leo tungeonyeshwa kiwanja kingine cha majani. Mwongozaji anakusimamisha chini ya tundu la dari, anakwambia upige makofi. Sauti inarudi kutoka juu ikiwa imenenepa, kwa sababu nafasi iliyo chini ya paa ilitumiwa kama chumba cha mwangwi. Mwangwi wa nyimbo ulizozisikia redioni maisha yako yote umetoka kwenye dari la nyumba ya watu. Chumba chenyewe cha kurekodia ni kidogo kiasi kwamba unajiuliza ngoma, piano na watu wake vilikaa wapi.

Lakini santuri za Motown nyingi si adimu hata kidogo. Ziliuzwa kwa wingi na mpaka leo unazipata kwa bei ya chakula cha mchana. Uadimu una chanzo kingine, na mfano unaotajwa kila mahali ni wa Frank Wilson. Mwaka 1965 aliimba “Do I Love You (Indeed I Do)” kwa lebo ya Soul, tawi la Motown. Nakala za majaribio zikachapwa. Kisha Wilson akachagua kuwa mtayarishaji wa nyimbo za wengine badala ya mwimbaji, na nakala zikaharibiwa. Chache mno zilinusurika. Moja iliuzwa mwaka 2009 kwa pauni 25,742, na mwaka 2020 bei ikafika pauni 100,000. Wimbo wenyewe ni mtamu, unakimbia kama mtu aliyeitwa nyumbani. Haufikii pauni 100,000, ila sidhani kuna wimbo unaofikia. Kichekesho ni kwamba santuri hiyo ya Motown yenye bei kubwa kuliko zote ilirekodiwa Los Angeles.

Bei ni ya pauni kwa sababu waliozipandisha bei santuri za Detroit ni Waingereza, tena si wa London. Ni vijana wa miji ya viwanda ya kaskazini, Manchester na Wigan, ambao mwishoni mwa miaka ya sitini walikataa kuachana na soul ya kasi hata baada ya Wamarekani wenyewe kuhamia midundo mingine. Dave Godin, aliyekuwa na duka la santuri London, aliona mashabiki wa mpira kutoka kaskazini wakija kuulizia nyimbo za aina hiyo tu, akazipa jina la Northern Soul. Walikesha wakicheza Twisted Wheel mjini Manchester, na kuanzia 1973 hadi 1981 Wigan Casino, ukumbi ambao haukuuza pombe. Wapiga santuri walishindana kuleta wimbo ambao hakuna mwingine anao, na ili mpinzani asiujue walibandika karatasi juu ya lebo na kuandika jina la uongo. Wimbo wa Frank Wilson ulichezwa Wigan kwa jina la Eddie Foster. Walipoishiwa nyimbo walipanda ndege kwenda Marekani, wakapekua maghala na kurudi na shehena.

Nawaelewa. Miaka hiyo hiyo Dar es Salaam nayo ilikuwa inacheza soul, na serikali haikupendezwa. Operesheni Vijana ilianza Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na Novemba mwaka huo muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Baba yangu mdogo alikuwa kijana wa mjini siku hizo. Mpaka leo akisikia James Brown hutazama mlango kwanza, halafu ndipo bega linaanza kutikisika.

Detroit ina maduka kadhaa mazuri ya santuri, na nililolipenda zaidi lina feni moja na mwenyewe mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya kiwanda cha magari. Silitaji jina kwa sababu hapendi foleni. Santuri ndogo za mizunguko 45 amezipanga kwenye masanduku ya mbao bila kufuata alfabeti, na ukimuuliza kwa nini, anakwambia anayejua jina la anachokitaka aende akakinunue kwingine. Alinifundisha kutoangalia lebo kwanza. Anaigeuza santuri kwenye mwanga, anatazama ile sehemu laini kati ya mwisho wa mifereji na lebo, ambako kiwanda huacha alama zake. Santuri nyingi za Detroit za miaka ya sitini zilichapwa Owosso, mji mdogo ndani ya Michigan, katika kiwanda cha American Record Pressing, kilichogonga herufi zake ARP hapo kwenye ulaini. Kiwanda kiliungua mwaka 1972. Waliochapa nakala za kughushi ili kuwauzia Waingereza waliweza kuiga rangi na maandishi ya lebo, lakini mhuri hawakuwa nao. Kisha anagonga ukingo kwa ukucha. Vinaili hutoa sauti butu, na plastiki ya bei nafuu ya polistirini hulia kwa ukali. Hiyo ya pili huchakaa upesi, sindano nzito ikipita mara nyingi inaigeuza ya kijivu na sauti inakuwa ya mafuta yanayokaangwa.

Siku moja alinitolea santuri ya Darrell Banks, “Open the Door to Your Heart”, iliyotolewa mwaka 1966 na Revilot, lebo ya Detroit. Bei yake dola chache, maana ilipendwa sana Marekani na nakala zipo tele. Wimbo huo huo ulichapwa Uingereza kwa lebo ya London, ukaondolewa kabla ya kutoka kwa sababu haki zilikwenda kwa kampuni nyingine, na nakala moja iliyobaki iliuzwa mwaka 2014 kwa pauni 14,543. “Zisikilize zote mbili,” alisema mzee, “uniambie hizo pauni zinaimba wapi.” Banks mwenyewe hakupata chochote katika hizo. Alipigwa risasi na polisi aliyekuwa nje ya zamu, hapa hapa Detroit, mwaka 1970, akiwa na miaka 32.

Mzee ana falsafa moja tu ya uadimu: santuri ni adimu kwa sababu haikuuzwa. Kuna mtu alikusanya mshahara wa kiwandani, akalipia studio saa chache, akawachukua wapiga ala wa Motown waliokuwa wakitafuta fedha ya ziada usiku bila bosi wao kujua, akachapa nakala mia kadhaa, akazipakia kwenye buti la gari na kuzungukia vituo vya redio. Redio hazikupiga. Zilizobaki zikaozea chini ya nyumba yenye unyevu. Ninakubaliana naye, ila Detroit ina sababu ya pili ambayo yeye huisema kwa sauti ya chini zaidi. Santuri nyingi ziliharibiwa pamoja na mitaa yake.

Nenda utafute Hastings Street. Hapo, kwenye namba 3530, Joe Von Battle alifungua duka la santuri mwaka 1945, na nyuma ya duka akaweka mitambo ya kurekodia. Alirekodi bluzi, akarekodi mahubiri ya mchungaji C. L. Franklin yaliyosikilizwa nchi nzima, na mwaka 1956 akamrekodi binti wa mchungaji huyo akiimba nyimbo za injili kanisani New Bethel. Binti alikuwa na miaka 14, jina lake Aretha. Leo ukisimama hapo unasimama juu ya barabara kuu. Hastings ulikuwa mtaa wa biashara wa Waamerika Weusi, na wapanga mipango ya mji waliuona mahali panapofaa kupitisha magari ya watu wanaohamia viunga. Joe akahamisha duka lake 12th Street. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Julai 1967 polisi walivamia kilabu kwenye mtaa huo, hasira ikalipuka, na siku chache baadaye mji ulikuwa na maiti 43. Duka la Joe liliporwa na kuungua, na maji ya zimamoto yakamalizia kanda zilizosalia. Alifariki mwaka 1973. Hakuna anayejua ni nyimbo gani zilikuwa kwenye kanda zile. Mkusanyaji anayelalamika kwamba santuri fulani ya Detroit haipatikani angefanya vyema kupita kwanza mtaa huo, ambao sasa unaitwa Rosa Parks Boulevard.

Motown ilihamia Los Angeles mwaka 1972, na wapo wanaosimulia kana kwamba mji uliuzima muziki siku hiyo. Si kweli. Kiwanda cha Archer, cha familia moja tangu 1965, hakikuacha kuchapa santuri hata dunia ilipoingia kwenye kanda na sidii, na miaka ya themanini vijana wa tekno wa Detroit walikipelekea kazi zao. Kwenye Third Avenue palikuwa na Fortune Records, duka na studio ya mume na mke, Jack na Devora Brown, waliotoa santuri mbichi zisizopakwa rangi, ninazozipenda kuliko nyingi za Motown. Jengo lilibomolewa mwaka 2001. Lakini si mbali na hapo, kwenye Canfield, kampuni ya Third Man ilifungua kiwanda cha kuchapa santuri mwaka 2017, na mteja anaweza kusimama nyuma ya kioo akaangalia donge la plastiki moto likibanwa kuwa santuri. Nilisimama hapo mpaka mhudumu akaniuliza kama natafuta kazi.

Ushauri wangu kwa anayekwenda ni mdogo. Fika Eastern Market Jumamosi ukiwa na njaa. Santuri zisimamishe wima kwenye mzigo wa mkononi, usizilaze. Nunua na kile kidude cha plastiki cha kuzibia tundu kubwa la santuri za Marekani, la sivyo ukifika nyumbani utazitazama tu. Na katika masanduku ya yule mzee au ya mwingine, chagua santuri moja ya kundi usilolijua, yenye anwani kwenye lebo, kisha uite teksi ikupeleke.

Mimi nilifanya hivyo. Teksi ilinishusha mbele ya nyumba ya mbao yenye kibaraza, na mama mmoja mtu mzima alikuwa ameketi akimenya maharage. Nilimwamkia, nikamwonyesha lebo. Hakushangaa. Alisema mumewe marehemu alimweleza kwamba mwenye nyumba wa kwanza alikuwa na mambo ya muziki huko chini, kisha akanitazama juu hadi chini. “Wewe si Mwingereza,” alisema. “Huwa wanakuja Waingereza.” Nikamwambia natokea Tanzania. Akataka kujua kama nako kuna watu wanacheza soul, nami nikamsimulia habari ya marufuku ya 1969. Alicheka mpaka bakuli likayumba, akageuka na kumpigia kelele jirani ng'ambo ya kiwanja kitupu aje asikie kwamba kuna serikali ilishawahi kumkataza mtu Wilson Pickett.