Mafundo ya Wavu: Mtandao Mdogo katika Mtaa wa Buyenzi

Miongoni mwa mambo yanayotushughulisha sisi tunaofundisha Kiswahili mjini Bujumbura, uhaba wa maandishi ndio unaotangulia. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, haja ya kuijua lugha hii imezidi, lakini darasani mwetu nakala moja ya kitabu bado husomwa na wanafunzi wengi. Maandishi ya intaneti yapo, bali hulipiwa. Na ujumbe wa mwanafunzi kwa mwenziwe aliye upande wa pili wa barabara aghalabu huvuka bahari kwanza, ndipo umrudie jirani yake. Kwa sababu hiyo tuliazimia, walimu wachache, kuziunganisha nyumba nne za Buyenzi kwa mawimbi ya redio, bila waya, kwa kutumia kompyuta ndogo za ubao mmoja.

Kompyuta za namna hii ni nyingi. Iliyo mashuhuri zaidi ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Ubao wake hauzidi sana kadi ya benki kwa urefu na upana, na hutumia umeme wa volti 5, hata betri ndogo huweza kuuendesha kwa muda. Katika kompyuta moja tuliweka maktaba: Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, tukaihifadhi kwa programu ya Kiwix ili isomeke bila intaneti, kando yake tukaweka mazoezi tuliyoyatunga wenyewe. Zile tatu nyingine kazi yao ni kupokea na kupitisha.

Yafaa ieleweke jinsi mtandao huu unavyotofautiana na ule uliozoeleka. Katika ule wa kawaida nyumba zote hutegemea mtambo mmoja wa kati, nao ukizimika, zote hukatikiwa. Katika huu wetu hakuna mkubwa. Kanuni tuliyoitumia huitwa B.A.T.M.A.N.; ilibuniwa na mafundi wa jumuiya ya Freifunk ya Ujerumani, na tangu mwaka 2011 imo ndani ya mfumo wa Linux wenyewe. Kila kompyuta hutangaza mara kwa mara kwamba ipo, na jirani aisikiaye huipeleka mbele habari hiyo. Kwa kuyapima matangazo yaliyomfikia, kila mmoja hutambua jambo moja tu: ujumbe wa fulani amkabidhi jirani yupi. Njia nzima haijui. Ndivyo ilivyo kwa mgeni aulizaye gereji ya fundi fulani hapa Buyenzi. Hachorewi ramani, huambiwa afike kwa muuza mkaa, kisha aulize tena.

Kuifunga mitambo kulituchukua siku chache. Kuyapata maneno yake kulituchukua majuma. Maelekezo yote tuliyokuwa nayo yalikuwa ya Kiingereza, na wenyeji wa nyumba zile hushika Kiswahili na Kirundi, na waliokwenda shule huongeza Kifaransa. Baadhi yetu walipendekeza kila kompyuta ya mtandao iitwe 'nodi', kwa kuwa ndivyo vitabu visemavyo. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi wa Ziwa Tanganyika, akauliza kwa nini tusiseme 'fundo'. Wavu, alisema, ni mafundo yaliyoshikana na majirani zake. Likikatika moja hupatikana tundu, lakini wavu haufumuki wote. Hoja hiyo ilitosha. Na pale ujumbe unapotoka fundo moja kwenda jingine, tukasema umepita 'mkono' mmoja, kama pesa au salamu zipitavyo mikononi mwa watu. Hatusemi kwamba 'nodi' halifai. Kiswahili kimekopa maneno mengi na hakikupungukiwa. Twasema tu kwamba 'fundo' lilimfahamisha mwanafunzi kazi ya kitu kabla ya mwalimu kufungua kinywa.

Faida ya jambo hili ilidhihirika umeme ulipokatika. Umeme ukiondoka ghafla, ile kadi inayohifadhi programu yaweza kuharibika, na fundo lisiamke tena. Jioni moja fundo lililokuwa katikati halikuamka, na sisi sote tulikuwa mbali. Mama mwenye nyumba aliisoma karatasi ya Kiswahili tuliyoibandika ukutani: zima, toa kadi, weka ile ya akiba, washa, ngoja taa ya kijani itulie. Akafanya hivyo. Tulipopata habari, wanafunzi walikuwa wamekwisha kurudi kwenye mazoezi yao. Karatasi ile ingalikuwa ya Kiingereza, maktaba ingalilala mpaka mmoja wetu arejee. Na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hatupendi kuusifu mtandao huu kupita kiasi. Hauzai intaneti pasipo na intaneti. Mabati na kuta nene huyazuia mawimbi yake. Tena fundo lenye redio moja haliwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, basi kila mkono unaoongezeka huweza kupunguza kasi kwa karibu nusu. Kwa maandishi mikono mitatu inavumilika. Kwa picha za sinema haifai. Pia mwenye nyumba hana budi kukubali kwamba umeme wake mdogo utabeba maneno ya wengine, na kukubali huko huombwa kwa adabu, barazani, kwa lugha anayoijua.

Wala Buyenzi si ya kwanza katika ukanda wetu. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu upande wa Kongo, mtandao wa jamii ulianzishwa katika miaka ya 2010, ukaitwa Pamoja Net. Nusu ya jina hilo ni Kiswahili, na ni ile nusu inayoeleza kazi yenyewe.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu waliomo mashuleni na katika vyama vya lugha: wapitieni mafundi wa redio, wa simu na wa umeme wa mitaa yenu, mkayaandike maneno wanayoyatumia kila siku, kisha mtuletee. Sisi bado tunatafuta jina la lile tangazo dogo ambalo kila fundo hulitoa kusema kwamba lipo. Kwa sasa wanafunzi wetu huliita 'hodi'.